Mwimbaji Apewe Siku za Kuuona Mji

Kila mwaka, kipupwe kinapotanda juu ya Mufindi, ukungu ukalala juu ya misonobari tangu alfajiri hata saa nne, na sakitu ikaunguza majani ya mabondeni, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na kazi ya jembe imebaki ile ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, peke yake, ndipo kwaya za Mgololo na vijana wetu wapiga magitaa hufunga safari ya Dar es Salaam kwenda kurekodi nyimbo walizozitunga na kuzifanyia mazoezi wakati wa mvua. Ni safari ya taadhima. Hutanguliwa na michango ya waumini na ahadi za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na siku ya kuondoka wazee husimama kituoni kuwaombea dua wasafiri kana kwamba wanavuka bahari. Lakini mtu akiikagua hesabu ya safari hiyo ataona nauli imo, malipo ya studio yamo, chakula cha njiani kimo, na siku za kukaa mjini hazimo kabisa. Kwaya hufika jioni, huingia studio usiku, huingiza sauti mpaka kunapambazuka, na asubuhi hupanda basi la kurudi ikiwa haikuona cha Dar es Salaam isipokuwa stendi, ukuta wa studio na vumbi la barabara iliyo baina yake. Nasema kwa dhati ya moyo kwamba hesabu hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yake husikika ndani ya nyimbo zenyewe.

Naomba msomaji anifuate nyuma kidogo, hata mwaka 1928, alipovuka bahari Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, pamoja na wenziwe, akina Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Mwalimu Shaabani, wakaenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya HMV. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi, na sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu vijijini kabla haijajulikana kwa taarabu. Alihamia mjini Unguja yapata mwaka 1911, akafundishwa muziki huko, akakaa Ng'ambo miongoni mwa wachukuzi, wavuvi, watumishi na wajane, akayaimba yaliyowapata: dhuluma za waume, hukumu za mahakama, misiba ya wanyonge na vituko vya wenye mali. Miaka kumi na saba ilipita baina ya kuhamia kwake mjini na safari ile ya Bombay. Nasisitiza miaka hiyo kwa sababu watu wengi huisimulia habari ya Siti kana kwamba mtambo ndio uliomfanya, na hali mtambo ulinasa tu kile ambacho mji ulikuwa umekwisha kukipika kwa muda mrefu.

Tena tufikirie ugumu wa kazi yenyewe. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika tatu na kitu, na taarabu ya Ng'ambo haikuwa na haraka hiyo. Wimbo mmoja uliweza kuendelea mpaka wasikilizaji waridhike, mwimbaji akirudia beti waliyoipenda na kuipita ile iliyowachosha. Kuukata wimbo wa namna hiyo uenee katika dakika tatu bila kuutoa roho kulihitaji mtu aijuaye beti ipi ndiyo uti wa mgongo na ipi ni pambo, na maarifa hayo hayafundishwi na fundi wa mitambo. Hupatikana kwa kuketi usiku mwingi mbele ya watu na kuzitazama nyuso zao. Kufikia mwaka 1931 santuri za Siti na wenziwe zilizokuwa zimeuzwa zilitimia 72,000, idadi kubwa kwa zama ambazo gramafoni ilikuwa mali ya wachache na mtaa mzima ulikusanyika mbele ya moja. Marehemu Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa bibi huyo, alimweka katika daraja ya watu wa kuigwa, nami sioni kuwa alizidisha.

Na Bombay yenyewe ilikuwa mji gani? Ilikuwa bandari kuu ya Bahari ya Hindi, yenye viwanda vya pamba, majumba ya michezo na senema, na waimbaji wa kila mila ya Bara Hindi. Siwezi kuamini kwamba watu wenye masikio kama yale walipita katika mji kama ule masikio yakiwa yameziba.

Baada ya uhuru, mji wa kurekodia ulikuwa Dar es Salaam, na mlango wake mkuu ulikuwa Redio Tanzania, katika Barabara ya Pugu. Iringa yetu ilikuwa na sauti yake katika miaka ya 1980: Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, waliyoimbia ndugu pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na ambamo John Kitime naye alipiga muziki. Bendi hiyo, kama bendi zote za mikoani, haikuwa na njia ya kuwafikia Watanzania wote ila kwa kuteremka Dar es Salaam, kuyatoa maneno ya nyimbo zake yakaguliwe, na kungojea zamu ya studio. Zamu ilipofika, wapigaji wote waliingia pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, wakapiga wimbo mzima kwa mkupuo. Aliyeteleza mmoja aliwarudisha wote mwanzo. Hapakuwa na kuungaunga vipande wala kusahihisha sauti kwa kompyuta. Ndiyo maana ukisikiliza kanda za miaka ile unasikia watu waliokaa pamoja muda mrefu hata pumzi zao zimepatana.

Nikizitazama kazi za zama zile naona kwamba kungojea zamu, ambako wapigaji wengi walikuona ni adhabu, kulikuwa na faida yake. Bendi ya mkoani iliyolala mjini ilipata usiku wa kwenda kuwasikiliza Mlimani Park au Juwata Jazz wakipiga mbele ya watu wao, kuona mpiga solo anavyompisha mwimbaji, na kupima kwa macho yake iwapo mtindo wake wa Iringa ulikuwa na kitu ambacho Dar es Salaam haikuwa nacho. Na mchana palikuwa na Kariakoo, na wavuvi wa Feri wakinadi samaki, na kivuko cha Kigamboni, na vijiwe vya kahawa ambavyo mtu husikia Kiswahili kikinolewa bure. Mtunzi aliyelelewa katika ukimya wa misitu ya Sao Hill, ambako mara nyingi sauti kubwa ya mchana ni ya msumeno, hupata katika siku chache za namna hiyo maneno, milio na visa vya kumtosha kutunga mwaka mzima. Wala simaanishi kwamba aje aiimbe Dar es Salaam. Namaanisha kwamba akiisha kuuona mji atajua kwa yakini Mgololo ni nini, kwa maana aliyezaliwa ndani ya baridi haijui kuwa ni baridi mpaka ashuke pwani.

Zipo hoja dhidi yangu, nami nazistahi. Ya kwanza ni fedha: malazi ya watu thelathini Dar es Salaam si jambo dogo kwa parokia au usharika wa wakulima wa chai na mahindi. Ya pili ni kwamba leo studio zipo Mafinga, Iringa na Mbeya, kijana anaweza kuingiza sauti karibu na kwao na kumpelekea prodyuza kwa simu, na wimbo ukasikika nchi nzima bila yeye kupanda gari. Hili ni jema, nami nalifurahia. Lau lingekuwapo zamani, nyimbo ngapi za wazee wetu zisingezikwa nao! Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alileta mitambo yake hadi Iringa akanasa waimbaji wa Kihehe na wapiga ligombo, ala yao ya nyuzi, katika mazingira yao, na kumbukumbu hiyo ni hazina mpaka leo. Lakini kunasa kilichokwisha kukomaa ni jambo moja, na kumkuza mwimbaji anayechipukia ni jambo jingine. Mzee wa ligombo alikuwa amekwisha kuishi wimbo wake. Kijana wa miaka ishirini bado anautafuta, na simu haimwonyeshi uso wa msikilizaji asiyemjua.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni hofu ya wazazi kwamba mji humeza. Ni kweli kwamba wapo walioondoka nyanda hizi na magitaa begani wasirudi, wala habari zao zisirudi. Lakini wapo waliokwenda wakafaulu: Rayvanny alizaliwa Mbeya, akaenda kuhangaika Dar es Salaam akiwa kijana asiyejulikana, na mwaka 2017 akapata tuzo ya BET nchini Marekani. Tena kijana anayepelekwa mjini na jumuiya yake, akiwa na kiongozi, malazi na siku maalumu ya kurejea, hayumo katika hatari ile ile ya kijana anayetoroka usiku. Sisi tunaokataa kumpeleka kwa utaratibu ndio tunaomfundisha kutoroka.

Na huko ughaibuni, kazi za Watanzania zilizodumu zinashuhudia vivyo hivyo. Patrick Balisidya wa Afro 70 alikwenda Sweden akarekodi na bendi ya huko iitwayo Archimedes, mwaka 1979, albamu ya Bado Kidogo, na mchanganyiko wa namna ile, wa watu wasiokuwa na lugha moja wala mapigo mamoja, haufanywi na wapiga muziki waliokutana mlangoni asubuhi na kuagana jioni. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefanya Dar es Salaam kuwa maskani yake, alirekodi Songs for the Poor Man pamoja na Super Matimila mwaka 1989 katika studio ya Real World ya mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel, nayo haiko London. Iko katika kijiji cha Box, ndani ya kinu cha zamani cha maji, mahali ambapo wapiga muziki hulala pale pale wanaporekodia na hawafukuzwi na saa. Najiuliza mara nyingi kwa nini Mgololo, yenye utulivu unaoshinda wa mahali pengi, isiwe siku moja na nyumba ya namna hiyo, ili wapigaji wa pwani wapande TAZARA, wayapite madaraja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako, waje kurekodi kwetu wakati wa kipupwe. Hilo ni la kesho. La leo ni dogo zaidi na linawezekana.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kwaya, makasisi na wachungaji, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na maofisa utamaduni wa wilaya za Mufindi, Iringa na Mbeya, kwamba wanapoketi kupanga safari za kipupwe kijacho waandike katika hesabu juma zima la kukaa Dar es Salaam: siku mbili za kutembea na kusikiliza kabla ya studio, siku tatu za kurekodi bila kukesha, na siku mbili za kuzisikiliza tena nyimbo kwa masikio yaliyopumzika, ili lililopungua lirekebishwe kabla ya kurudi. Waombe kulala kwa waumini wenzao wa mjini, kama wapigaji wengi wa zamani walivyolala kwa jamaa zao. Na kama fedha haitoshi nyimbo kumi, zirekodiwe tano.