DAMU KUKATA SIYO KUPONA (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, jana tuliongelea dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Leo nasema linaloniuma zaidi, na najua kuna watakaoninunia.

Tunawaua mama zetu kwa kuwaita nyumbani katikati ya matibabu.

Iko hivi. Mama anateremka kutoka Kinole au Mgeta, anafika Ocean Road, Dar. Anaanza mionzi ya nje: analala kwenye mashine siku tano kwa wiki, kama wiki tano, mara nyingi na dripu ya kemo kila wiki. Baada ya muda damu inakata, harufu inaisha. Simu zinaanza: "Si umeshapona? Rudi, watoto wanateseka, shamba limejaa majani." Anarudi.

Jamani, hapo hajapona. Amefika nusu ya njia.

Mionzi ya nje inapiga nyonga nzima. Inasinyaza uvimbe na kufuata seli za saratani kwenye tezi za jirani. Lakini huwezi kuiongeza mpaka imalize uvimbe wote, manake kibofu na utumbo vitaungua. Hapo ndo inaingia mionzi ya ndani. Vifaa vyembamba vinapitishwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, mashine inaingiza chembe ya mionzi kwa dakika chache, kisha inairudisha. Dozi inakuwa kali palepale kwenye uvimbe, ukisogea pembeni inapungua haraka. Inarudiwa mara kadhaa. Hata saratani ya tezi dume, wapo wanaume wanaotibiwa kwa kuunganisha hizi mbili.

Na zote zinatakiwa ziishe ndani ya wiki 8 hivi. Ukichelewa, seli zilizobaki zinazaliana upya.

Eti mama akipata mionzi ya ndani asibebe mtoto? Uongo. Chembe ikishatoka, mwilini hakibaki kitu. Ugumu upo, sifichi: maumivu, uchovu, kuharisha, uke kuwa mkavu na kubana, na hatazaa tena. Aambiwe mapema, asaidiwe. Asidanganywe.

Mtaniambia, "Nesi, wewe una mshahara, sisi hela ya kukaa Dar miezi miwili tutoe wapi?" Sawa, hela ni ngumu. Lakini mbona msiba ukitokea, turubai linapatikana, mchele unapatikana, na basi la kukodi linajaa watu? Ile michango ya kumzika, kwa nini isichangwe akiwa hai?

Kwetu Uluguru ukoo na shamba vinafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Basi mjomba, itumie sauti yako sasa. Kabla mama hajapanda gari, kaeni kikao: atalala kwa nani Dar, nani atabaki na watoto, nani atapalilia. Na wewe baba kijana, kupika uji hakukupunguzii uanaume.

Kama una mama, dada au shangazi aliyeko kwenye mionzi sa hivi, mpigie leo. Usimuulize atarudi lini. Muulize: mionzi ya ndani imebaki mara ngapi?

Sehemu ya 4: chanjo ya HPV kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14.