Ramani za Mashamba Zisivutwe Upande



Vijana wetu wametuletea jambo jema. Wanapita mashambani na futikamba, na kila mkarafuu wanauandikia tarakimu mbili katika lahajedwali la kompyuta: mita za urefu wa shamba na mita za upana. Kompyuta hutia nukta kwa kila mti, na mwenye shamba hupata karatasi ya kumwonyesha wapi pana mti na wapi pana pengo. Silipingi jambo hili hata kidogo. Lakini karatasi nyingi nilizoziona hazifai kupandia hata mche mmoja.

Shamba langu ni mita 100 kwa 50, na mikarafuu yake imepandwa mita 9 kila upande, mraba kamili. Nilipopewa karatasi yangu, safu zilikuwa zimebanana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Mjukuu wangu (asinikasirikie) akanambia, "Babu, hapa pana nafasi, tutie miche." Nikamchukua shambani tukapima. Mita 9 huku, mita 9 kule.

Kosa si la kupima, wala si la tarakimu. Kompyuta ikiachiwa yenyewe hulijaza sanduku la picha, haijali kama mita ya kwenda kulia na mita ya kwenda juu zimelingana. Sanduku langu lilikuwa sentimita 12 kwa 8. Mhimili wa chini ulifika 120, wa kusimama ukafika 60. Basi sentimita moja ya chini ikawa mita 10, na ya kusimama mita 7 na nusu. Shamba ambalo urefu wake ni mara mbili ya upana likageuka mara moja na nusu.

Dawa yake ni ndogo. Mwanzo na mwisho wa kila mhimili uandikwe kwa mkono: wa chini 0 hadi 120, wa kusimama 0 hadi 80, sanduku likiwa lile lile. Hapo kila sentimita ni mita 10 pande zote mbili. Nasema sanduku la ndani lenye nukta, si fremu ya nje yenye maandishi. Tarakimu hizo zisipoandikwa, ukiongeza mti mmoja pembeni huenda kipimo kikahama chenyewe. Kisha zitiwe nukta nne za mraba wa mita 10, zipimwe kwa rula. Pasipokuwa na mraba, karatasi irudi kwa mchoraji.

Wako watakaosema haya ni makuu. Mbona mizani ya karafuu twaitazama mara mbili? Tena nasikia wapo wanaotaka karatasi hizi zitumike katika mashauri ya mipaka baina ya jirani na jirani, na hilo lanitisha kuliko miche.

Naiomba kamati izikusanye zote zilizokwisha tolewa, zichorwe upya, na chini ya kila moja iandikwe sentimita moja ni mita ngapi. Yangu nimekwisha ipeleka kwa katibu.