Treni Imerudi, Sisi wa Miguu Tupite Wapi?

Wakazi wenzangu wa Thika na Ruiru,

Tunaovuka mto kwa daraja la reli tunajuana: wa zamu ya kiwandani, mwanafunzi, mama mwenye gunia la sukuma wiki mgongoni, sote tukikanyaga taruma baada ya taruma huku maji yakionekana chini. Sheria inakataza. Lakini daraja la magari liko mbali, na hakuna anayetaka kuchelewa kazini kila siku.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, baadaye ikaendelea hadi Nanyuki. Treni zilipoadimika tukayafanya madaraja yake njia zetu. Mwaka 2020 njia ya Nanyuki ilikarabatiwa na treni ikarudi. Ukikutana nayo katikati ya daraja, hapana pa kujibanza.

Wapo wanaosema daraja ligeuzwe la watu. Kule Poughkeepsie, Marekani, ilifanyika hivyo: daraja la reli la 1889 liliungua 1974, wananchi wakaunda chama 1992, na mwaka 2009 likafunguliwa kwa waendao kwa miguu. Ila hapo treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Letu lifanane na la Hungerford, London, ambako treni hupita katikati na watu hupita kwenye vivuko viwili vilivyojengwa ubavuni mwake mwaka 2002. Sisi kimoja kinatutosha.

Daraja ni la Shirika la Reli, vijia vya mtaani ni vya Kaunti ya Kiambu, na kila ofisi itakuelekeza kwa mwenzake (hilo mnalijua). Basi ombi letu liende kote kuwili siku moja. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuwasilisha ombi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Anayekuja kulia Mei amechelewa.

Kabla ya hapo tuhesabu. Kila mtaa utoe watu wawili wasimame karibu na daraja, si juu yake, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, waandike wangapi wamevuka na wangapi ni watoto. Kamati za Nyumba Kumi, vyama vya akina mama, wanabodaboda, makanisa na misikiti, kazi hii ni yenu. Mwakilishi wadi apewe hesabu hiyo mkononi, mbele ya watu.

Karatasi ya sahihi ikikufikia, andika jina na nambari ya kitambulisho. Bila nambari ni rahisi kuitupa.