Lambo lisiloshika maji



Hapa Bulyaga, Tukuyu, mvua si haba. Inaanza Novemba na kutupiga hadi Mei, mifereji inafurika. Lakini Septemba ikifika tunahangaika na ndoo, tukinywesha ng'ombe na kumwagilia miche ya parachichi. Kwa hiyo lambo lilipochimbwa tulishangilia. Mvua zilipokatika, halikumaliza wiki tatu. Likakauka kabisa.

Nilishuka lamboni mwenyewe na jembe. Kina cha mkono mmoja tu nikakuta vile vijiwe vyepesi vya volkano, vinavyoelea ukivitia majini. Nikamwaga ndoo nzima ya maji shimoni. Hata sijaiweka chini, maji yameshapotea. Udongo huu migomba inaupenda sana, ila si kila mahali unashika maji.

Waliochagua eneo walisimama barabarani, wakanyoosha kidole, wakaondoka. Mzee mmoja aliwaelekeza bondeni kwenye matete, ambako maji husimama hadi Julai. Hakusikilizwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utaalamu tunao humu humu nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walishaifanya kazi hii ya kutafuta maeneo ya kukusanyia maji wilayani Same, kwa Wapare, ambao wana ndiva zao za kukingia maji tangu enzi za mababu. Waliingiza kwenye kompyuta takwimu za mvua, mteremko, aina na kina cha udongo na matumizi ya ardhi, wakapata ramani ya maeneo yanayofaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Na gharama si kisingizio: vipimo vya miinuko, ambavyo hutoa mteremko, vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000 vinapatikana bure, na programu ya QGIS ya kuvichakata ni bure vilevile.

Ramani peke yake haitoshi, najua. Vipimo hivyo vya miinuko huigawa ardhi vipande vya mita 30, na lambo dogo linaweza kuharibiwa na mshipa mmoja wa changarawe. Ramani ipunguze maeneo, kisha mtu ashuke, achimbe, amwage maji, asubiri hadi kesho yake.

Sasa tunaambiwa lambo la pili linakuja. Tunaomba ramani ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata kabla trekta halijafika, mashimo ya majaribio yachimbwe mbele ya wananchi, na yule mzee aitwe.

Mkazi wa Bulyaga,
Tukuyu, Rungwe