Baisikeli Ipimwe kwa Mguu wa Mwendeshaji



Katika gazeti letu zimekwisha andikwa habari nyingi za mitihani, za michezo na za faida ya elimu. Mimi naomba nafasi ndogo niseme habari ya kitu ambacho wengi wetu twakitumia kila siku kufika hapa shuleni, nacho ni baisikeli. Sisi tuliotoka Kongo twaiita kinga, na wenyeji wetu Wachewa huiita njinga. Jina ni karibu moja, na taabu zake pia ni moja. Maoni yangu ni haya: watu wengi hununua baisikeli isiyo saizi ya yule atakayeipanda, na kosa hilo lina gharama kubwa kuliko wadhanivyo.

Nyumbani kwetu ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, yapata kilometa 45 kutoka Lilongwe. Hapo zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya wakimbizi, na leo tupo zaidi ya watu 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nauli ya gari si ya kila mtu wala si ya kila siku. Basi baisikeli ndiyo lori letu la mahindi, na mgonjwa asiyeweza kutembea hupelekwa juu ya keria. Vijana wengi katika nchi hii hula kwa baisikeli, kwa kupakia abiria katika kazi iitwayo kabaza. Kwa hiyo nisemapo habari ya baisikeli sisemi habari ya mchezo.

Nilipata baisikeli yangu nikiwa na miaka 15, nilipochaguliwa kuingia shule hii, ambayo ni kilometa 9 kutoka kwetu. Baba yangu ni fundi cherehani. Alishona usiku na mchana kwa miezi mingi, kisha akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akaenda Lilongwe kwenye maduka ya mji wa zamani. Mwenye duka alimwonyesha baisikeli mbili nyeusi. Zote zilikuwa na magurudumu ya inchi 28, ila fremu ya moja ilikuwa ya inchi 22, na ya pili inchi 24. “Chukua hii kubwa, mzee,” alisema. “Bei ni ile ile, na mtoto atakua.” Baba akaipanda mwenyewe mbele ya duka, akaona imemkaa vizuri, kwa maana yeye ni mtu mrefu. Akalipa.

Ndugu msomaji, liangalie jambo hili. Baba yangu hakati kitambaa pasipo kupima. Hata kaptura ya mtoto wa miaka 3 huipima kwa futi, kiuno na mapaja, na mama wa mtoto akisema “Kata tu, fundi,” yeye hukataa. Lakini siku ile futi yake aliiacha nyumbani juu ya cherehani, na mimi pia aliniacha nyumbani.

Sasa nimeiendesha baisikeli hiyo miaka 4, masika na kiangazi, na sharti niseme kweli: ni chombo chema sana. Ni nzito, lakini uzito wake ni wa chuma kizuri. Imebeba gunia la mahindi la kilo 50, imebeba madumu ya maji, imembeba mama yangu kwenda zahanati. Spoku zikikatika, au mnyororo ukichakaa, vipuri vyake vyapatikana katika kila soko kuanzia Dowa mpaka Lilongwe, na fundi yeyote chini ya mwembe aijua. Kiti chake kipana chenye springi hupunguza mtikisiko wa barabara zetu za udongo mwekundu. Ila yake moja ni breki. Ringi za chuma zikilowa maji ya mvua, raba za breki huteleza tu, na baisikeli haisimami upesi. Aijuaye hubana breki mapema.

Basi sina ugomvi na baisikeli yenyewe. Ugomvi wangu ni na ile fremu ya inchi 24. Mwaka wa kwanza niliposimama kuipanda, chuma cha juu kilikuwa kirefu kuliko miguu yangu. Sikuweza kusimama katikati yake nyayo zote mbili zikigusa chini. Kiti tulikishusha mpaka mwisho, na bado nilifikia pedali kwa ncha za vidole, kiuno kikiyumba kuume na kushoto kama bata. Mara nyingi nilijigonga mahali ambapo mvulana hapendi kupataja. Jioni nilifika nyumbani nyonga zaniuma, na masomo ya usiku yakawa mzigo.

Siku moja ya mwezi wa Januari nilitoka mashine ya kusaga na unga wa mama, debe zima. Mvua ilikuwa imenyesha. Katika mteremko ng’ombe alivuka njia. Nikabana breki, zikateleza. Mtu aliye juu ya baisikeli ya saizi yake angeshuka kitini na kuweka miguu chini. Mimi nilishusha mguu, nao haukukuta kitu. Nilianguka upande, na unga ulimwagika wote katika tope jekundu. Mkono ulipona kwa majuma mawili. Unga haukurudi, na ulikuwa chakula chetu cha juma zima. Mama hakunigombeza, alikaa kimya tu, na kimya kile nakikumbuka kuliko maumivu.

Najua watu watakaonipinga. Wa kwanza atasema, “Mchagua jembe si mkulima.” Baba yangu mwenyewe aliniambia hivyo. Nami naikubali methali hiyo, lakini nauliza: ni mkulima gani ampaye mtoto wake jembe lenye mpini wa mtu mzima? Hapa Dowa na kwetu Kongo pia, baba hukata mpini mfupi kwa ajili ya mtoto, kwa sababu ajua ya kwamba mpini mrefu hulima miguu ya mtoto badala ya udongo. Jembe ni lile lile. Kinachopimwa ni mpini. Katika baisikeli, mpini ndio fremu.

Wa pili atasema, “Fremu kubwa hubeba mzigo mkubwa.” Sivyo hata kidogo. Mzigo hukaa juu ya keria, na keria imeshikwa karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Magurudumu ya fremu ya 22 na ya 24 ni yale yale, spoku ni zile zile. Kuongeza kimo cha fremu hakuongezi nguvu ya gurudumu. Tena aliyepakia kilo 50 nyuma ndiye ahitajiye zaidi kufika chini kwa miguu yake, maana mzigo ukianza kulala upande, hakuna cha kuuzuia isipokuwa mguu wa mwendeshaji.

Wa tatu atasema, “Mtoto atakua.” Huyu ana haki kidogo, nami sitamdhulumu. Ni kweli nilikua. Leo nina miaka 19, na baisikeli yangu yanitosha, ingawa kwa shida. Lakini miaka 3 kati ya hiyo 4 niliendesha baisikeli ya mtu asiyekuwapo bado. Njia niliyopita ilikuwa ya leo, na ng’ombe alivuka leo. Afadhali fremu ndogo kidogo, ambayo kiti chake chaweza kuinuliwa kadiri mtoto akuavyo, mradi usipite alama iliyo kwenye bomba la kiti. Fremu ndogo yaweza kumfuata mtoto juu, bali fremu kubwa haiwezi kushuka kumfuata.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka huu namaliza shule, na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 14 ameanza Kidato cha 1. Watu nyumbani wasema, “Vema, dada atarithi baisikeli.” Lakini hawezi kuipanda. Mguu wake haufiki, na sketi ya shule hairuhusu kuvuka chuma kile cha juu. Amejaribu jioni nyuma ya nyumba, kwa kupitisha mguu chini ya chuma kama wafanyavyo watoto wadogo, akaanguka, wavulana wakacheka, naye hakujaribu tena. Basi huamka saa 10 ya usiku, hutembea kilometa 9, hufika amechoka, na baisikeli imeegemea ukuta.

Katika nchi jirani ya Zambia ulifanyika uchunguzi juu ya wasichana wa shule waliokaa mbali waliopewa baisikeli, na ikaonekana ya kwamba siku walizokosa shule zilipungua kwa asilimia 28. Baisikeli zile, ziitwazo Buffalo, hazina chuma kirefu cha juu kama changu. Chuma chake kimeinamishwa, ili mvulana na msichana waweze kupanda. Waliozitengeneza walijiuliza kwanza ni nani atakayezipanda. Swali hilo halihitaji fedha, na mtu yeyote aweza kuliuliza mbele ya duka lolote la Lilongwe.

Kwa ajili ya wale watakaokwenda kununua, nitaeleza nilivyojifunza. Kwanza, msichanganye namba mbili. Inchi 28 ni ukubwa wa gurudumu. Saizi ya fremu ni nyingine: ni urefu kutoka kwenye ekseli ya pedali hadi juu ya bomba la kiti, na kwa baisikeli hizi nyeusi ni inchi 20, 22 au 24. Muuzaji akikwambia “ni ya 28,” hajakujibu bado.

Pili, mwendeshaji asimame ukutani na viatu vyake, aweke kitabu katikati ya miguu na kukivuta juu mpaka kimguse vizuri, kisha mwingine apime kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Katika banda la baisikeli hapa shuleni nimepima kwa futi ya Baba. Chuma cha juu cha fremu ya 24 kilikuwa karibu sentimita 87 kutoka ardhini, cha 22 karibu 82, na cha 20 karibu 77. Mguu wapasa kuzidi chuma hicho kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Nilipokuwa na miaka 15 mguu wangu ulikuwa sentimita 80 tu. Mtu yeyote mwenye futi angeona.

Tatu, baada ya fremu kutosha, pima kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyoke. Ukirudisha pedali chini ya sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno magoti huuma. Kikiwa juu mno kiuno huyumba. Mwisho, shika usukani: viwiko visinyooke kama fimbo.

Nina ombi kwa makundi matatu. Wazazi, msiende dukani peke yenu. Nendeni na mtoto, au kama ruhusa na nauli havitoshi watu wawili, chukueni kipimo cha mguu wake kimeandikwa kwenye karatasi. Wauzaji, msitoe fremu kubwa kwa sababu tu imekaa sana dukani. Na kwa wakuu wa shule yetu naomba ruhusa tuchore mistari mitatu ukutani mwa banda la baisikeli, mmoja kwa kila saizi ya fremu, ili mwanafunzi asimame hapo ajue. Rangi kidogo yatosha, na kazi nitaifanya mwenyewe kabla sijaondoka.

Mimi kwa upande wangu nimemwomba Baba tuiuze hii ya 24 kwa mtu mrefu, na fedha zake zinunue ya kike, au ya 22 iliyotumika ambayo fundi aweza kuikata na kuichomelea upya chuma cha juu. Baba bado hajakubali. Asema baisikeli hiyo ilitoka katika jasho lake, na mimi najua ni kweli, maana nilimwona akishona kwa taa ya mafuta. Lakini jasho lile alilitoa ili watoto wake wasome, wala si ili baisikeli iegemee ukuta.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike, nami nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4