MSITU UNAPIMWA NA NANI, NA MAJIBU YAENDE KWA NANI?

Ndugu wafanya kazi wa Kisii na Nyamira,

Miaka hii wageni wenye vipimo wamekuwa wengi katika milima yetu na ya jirani zetu. Wengine watoka vyuo vikuu vya hapa Kenya, wengine Ulaya. Ni watu waliokwisha kupata shahada ya udaktari, na sasa wamepewa fedha ya miaka miwili mitatu ili wachungue jambo moja: binadamu na mabadiliko ya hali ya hewa wanaitenda nini misitu. Wako wanachama wanaouliza, "Hayo yahusu nini chama cha wafanya kazi? Kazi yetu si mshahara na saa za kazi?" Sisi twajibu kwamba yatuhusu sana, na chama kina haki ya kusema neno.

Kwanza yafaa tujue msitu wetu uko wapi. Mtu akisimama juu ya kilima cha Manga haoni msitu mkubwa. Aona migomba, mahindi, majani chai na safu za mikaratusi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu karibu 960 katika kila kilomita mraba ya Kisii, na karibu 675 katika Nyamira. Mahali penye watu wengi namna hii, mti hukaa mpakani mwa shamba la mtu, nao hukatwa siku ya karo ya shule. Msitu mkubwa ulio karibu nasi ni Mau, upande wa mashariki. Mto Sondu hupata maji yake huko, ukapita mpakani mwa Nyamira na Kericho kwenda ziwani.

Pili, tukumbuke kwamba kazi yetu yenyewe hula miti. Jani bichi la chai ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Kilo nne na nusu hivi za majani hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Maji hayo huondolewa kwa moto wa boila, na boila hulishwa kuni usiku na mchana. Kila aliyewahi kupakua lori la magogo kiwandani ajua. Basi chai hutaka mvua na ubaridi, na papo hapo chai hutaka kuni. Mkono mmoja wapanda, mkono wa pili wachoma. Mvua ikichelewa majani hupungua, na mchumaji anayelipwa kwa kilo ndiye wa kwanza kupata hasara.

Mabingwa wamekwisha kuona nini? Mwaka 2011 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha kilimo chenye makao yake Colombia walitoa makisio juu ya chai ya Kenya. Walisema mwinuko unaofaa zaidi, uliokuwa mita 1,500 hadi 2,100, utapanda hata mita 2,000 hadi 2,300 ifikapo mwaka 2050. Maana yake ni kwamba joto litaifukuza chai kupanda mlima, na milima yetu ina mwisho.

Wengine walipima maji ya vijito vya Mau ya kusini-magharibi, vinavyoingia katika Mto Sondu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Walilinganisha mahali pa msitu wa asili, pa mashamba makubwa ya chai, na pa mashamba ya wakulima wadogo. Kijito cha mashamba makubwa ya chai kilichukua udongo karibu mara mbili ya kile cha msituni. Kijito cha wakulima wadogo karibu mara sita. Msituni mvua hushukia majani na mizizi ikanywewa na ardhi. Penye udongo mtupu na njia za miguu hukimbia na udongo wetu.

Wako watakaoyashika maneno hayo na kusema, "Kumbe mkosa ni mkulima mdogo." Sisi hatukubali. Mwenye robo ekari na watoto sita hawezi kuiacha nusu yake iwe pori kwa kuwa kitabu kimesema hivyo. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu Bwana John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na maji ing'olewe. Shauri lilikuwa na maana, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi. Lakini mti huo ndio benki ya maskini. Tena Februari 1918 haikuwa, ilikuwa Februari 2018 juzi tu, serikali ilipofunga ukataji wa miti katika misitu ya umma, na vibarua wengi wa viwanda vya mbao wakakosa kazi. Kulinda msitu ni jambo jema. Kumlipisha kibarua peke yake gharama ya kuulinda si haki.

Basi twaomba mambo matatu.

La kwanza ni juu ya wasaidizi. Bingwa hapimi peke yake. Yuko mtu wa hapa anayebeba vyombo, anayefyeka njia, anayesoma kipimo cha mvua alfajiri. Katika bonde la Sondu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, raia 124 walisoma kina cha mto kwenye vibao vilivyosimamishwa, wakapeleka namba kwa simu zao za mkononi. Kwa mwaka mmoja vikapatikana vipimo halali 1,175. Hii yaonyesha kwamba mtu wa kawaida aweza kupima, na kupima vema. Anayeajiriwa kwa kazi kama hiyo asifanywe kibarua wa siku kwa miaka miwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa kulipwa kwa mwezi. Utafiti haukutolewa nje ya sheria hiyo.

La pili, majibu yarudi. Yasomwe kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, katika baraza na kwenye vituo vya kununulia majani, kabla kitabu hakijafungiwa kabatini ng'ambo. Mtu aliyepima mto miaka miwili asisikie habari za mto huo kwa uvumi.

La tatu, mabingwa wapanue hesabu zao. Wakipima kaboni ya mti, wapime na kuni za boila. Wakihesabu siku za ukame, wahesabu na siku ambazo mchumaji alirudi nyumbani kikapu kitupu. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka nchi iwe na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake, na hesabu ya serikali ya mwaka 2021 ilisema tumefika 12.13. Lakini asilimia hiyo haituambii ni nani aliyeipanda miti hiyo, wala ni nani atakayekosa mshahara ikikauka.

Kila tawi lizungumze mambo haya katika mkutano wake. Mpimaji akifika penu, mkaribisheni, mpeni kiti, mwonyesheni njia ya mtoni. Kisha mwulizeni mapema, mbele ya watu: barua ya kazi iko wapi, na majibu utatuletea lini?

Umoja ni nguvu.