Kazi ya pamoja: somo ambalo Ebola ya Beni na Butembo iliachia wafanyakazi wa Kongo

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, maelfu ya watu walifanya kazi moja katika Kivu ya Kaskazini na Ituri: kuzuia Ebola. Kulikuwa waganga na wauguzi, madereva, wazikaji, wachanjaji, wahamasishaji wa mitaa na watu wa maabara. Wengine walitoka wizara ya Afya, wengine Shirika la Afya Duniani OMS, Unicef, Msalaba Mwekundu, na mashirika mengine kama vile MSF na ALIMA. Watu wa Beni na Butembo waliwapa wote jina moja: riposti.

Jina lilikuwa moja, lakini timu hazikuwa moja. Somo hilo linagusa mtu yeyote anayefanya kazi na wenzake, awe hospitalini, shuleni, ofisini au katika kooperative ya kahawa.

Hesabu ya mwisho ilikuwa nzito: wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ni Ebola ya pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya ile ya Afrika Magharibi ya mwaka 2014 hadi 2016. Lakini katika Afrika Magharibi chanjo ilifika wakati ugonjwa ulikuwa unaelekea mwisho, na Kivu ya Kaskazini ilianza kuchanja wiki moja tu baada ya ugonjwa kutangazwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Dawa na pesa vilikuwapo, na watu wenye ujuzi pia.

Vita ilikuwa sababu kubwa ya ugonjwa kuendelea. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo muganga Richard Mouzoko wa OMS, raia wa Kamerun, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Hata hivyo, si mambo yote yaliharibiwa na bunduki. Mengine yaliharibiwa na namna watu walivyopanga kazi yao.

Ugonjwa mmoja, magari mengi

Kazi ya riposti iligawanywa katika komisyo. Kulikuwa komisyo ya kutafuta wagonjwa na watu waliowagusa, ya chanjo, ya matibabu, ya kinga ndani ya vituo vya afya, ya mazishi salama, ya mawasiliano na ya msaada wa kisaikolojia. Kugawa kazi namna hiyo si vibaya, maana hakuna mtu anayeweza yote.

Shida ni kwamba komisyo hizo zilitegemeana kama mnyororo. Mchunguzi akikosa jina la mtu mmoja aliyemgusa mgonjwa, mchanjaji hatajua mlango wa kubisha. Mtu yule asipochanjwa wala kufuatwa siku 21, anaweza kuugua akiwa safarini au katika kituo kidogo cha afya, na muuguzi wa huko atamshika bila kinga. Kosa la meza moja linalipwa na mtu wa meza nyingine.

Familia ndiyo ilibeba uzito wa mgawanyo huo. Leo gari la wachunguzi linasimama mbele ya nyumba, kesho la wachanjaji, kesho kutwa la wenye kunyunyiza dawa, wakati mwingine yote siku moja. Kila timu ina maswali yake. Kwa mwenye msiba, hao wote ni watu wale wale. Kama wa kwanza aliongea vibaya, wa tatu hatafunguliwa mlango.

Wakubwa wawili juu ya kazi moja

Mwezi Julai 2019 mgongano ulifika hadi Kinshasa. Tarehe 14, mgonjwa wa kwanza alithibitishwa mjini Goma. Tarehe 17, OMS ilitangaza kwamba ugonjwa umekuwa dharura ya afya ya kimataifa. Siku chache baadaye Rais Félix Tshisekedi alitoa uongozi wa riposti mikononi mwa wizara ya Afya na kuukabidhi kwa kamati ya wataalamu chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya utafiti INRB, aliyechunguza Ebola tangu Yambuku mwaka 1976.

Tarehe 22 Julai waziri wa Afya Oly Ilunga alijiuzulu. Katika barua yake alisema vituo vingi vya kutoa maamuzi vinaleta mchafuko. Alikuwa pia anapinga kuingizwa kwa chanjo ya pili, ile ya Johnson & Johnson, ambayo wengine waliitaka. Mwezi Novemba mwaka huo chanjo hiyo ilianza kutolewa Goma.

Watu wanaweza kubishana nani alikuwa na haki juu ya chanjo. Lakini muuguzi wa Mabalako au dereva wa Butembo hakuweza kungoja mabishano hayo yaishe. Mfanyakazi mwenye wakubwa wawili ana mambo matatu ya kuchagua: kutii mmoja na kumkosea mwingine, kutii yule anayelipa, au kukaa kimya asifanye kitu. Wafanyakazi wa ofisi nyingi za Kongo wanajua vizuri njia hizo tatu. Na kubadilisha mkuu peke yake hakukumaliza ugonjwa: ulichukua miezi kumi na moja mingine.

Wenyeji walisikilizwa nyuma

Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulionyesha kwamba mtu mmoja juu ya wanne hakuamini kama Ebola iko kweli. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea faida zao. Ilikuwa mwezi wa pili tu wa kazi. Kisha mwisho wa Desemba uchaguzi wa Beni na Butembo ukasogezwa hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Wakaaji wakaandamana, na mjini Beni kituo cha kupokea wagonjwa kikashambuliwa.

Malalamiko mengine yalihusu kazi yenyewe. Vijana wa mahali waliuliza kwa nini nafasi nzuri zinachukuliwa na watu kutoka mbali, na kwa nini magari ya kukodi yanaleta faida kwa wachache. Wazazi waliuliza kwa nini pesa zote ni za Ebola, wakati surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi, wengi wakiwa watoto. Maswali hayo yalikuwa habari ambayo timu ilihitaji ili ifanye kazi. Aliyeyaita ujinga alijinyima habari hiyo.

Mahali ambapo walishikana kweli

Mwezi Novemba 2018, INRB na taasisi za afya za Marekani zilianza jaribio la dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, vilivyoendeshwa na mashirika tofauti. Wote walikubali kanuni moja, karatasi moja na namna moja ya kuhesabu. Agosti 2019 jibu lilipatikana: kwa dawa mbili, vifo vilishuka hadi karibu mgonjwa mmoja juu ya watatu, wakati dawa nyingine mbili zilibaki karibu na nusu. Moja ya dawa zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kati ya mashambulizi na maandamano, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo.

Mfano mwingine ni vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ambavyo ALIMA ilitumia Beni. Familia iliweza kumwona mgonjwa wao na kuongea naye. Na watu waliopona waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wanatibiwa. Hawa hawakuwa na diploma ya udaktari, lakini walikuwa na kitu ambacho mtaalamu kutoka nje hana: mtaa uliwaamini.

Siri inayolindwa na timu

Kuna upande mwingine wa kushikamana. Septemba 2021, tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Mkongomani Julienne Lusenge ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono wakati wa riposti. Kati yao, 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Wanawake walisema waliahidiwa kazi, au waliogopa kufukuzwa. Timu ambayo mdogo hana mahali pa kushtaki mkubwa si timu yenye umoja. Ni kundi linalofichana.

Leo

Mwaka 2025 Ebola ilirudi, safari hii Bulape katika jimbo la Kasai. Ilitangazwa tarehe 4 Septemba na kumalizika tarehe 1 Desemba, na wagonjwa 64 na vifo 45. Bulape si Butembo, na huko hakukuwa vita kama ya Kivu. Mashariki, hali imekuwa ngumu zaidi. Tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, mstari wa mapigano umekatisha njia za kazi, huku kolera na mpox havijali nani anatawala upande gani. Muuguzi wa upande mmoja bado anahitaji kujua mgonjwa wake alitoka wapi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Beni na Butembo ziliongeza kwamba hata vidole kumi havimvunji kama kila kimoja kinabonyeza mahali pake. Kinachovifanya vikutane si semina ya siku mbili katika hoteli wala fulana zenye rangi moja. Ni mambo ya kawaida: mtu mmoja anayejulikana kutoa amri ya mwisho, orodha moja ambayo wote wanaisoma, malipo yasiyofichwa na yasiyochelewa, njia ya mdogo kumshtaki mkubwa bila kupoteza mkate, na mwenyeji kukaa mezani siku ya kwanza, si mwezi wa sita.

Mambo hayo yana bei ndogo kuliko gari moja la kukodi. Yakikosekana, hesabu inakuja baadaye, na mara nyingi si aliyefanya kosa anayeilipa.